Vyanzo vya Maji Bado Vinatawaliwa na Chama Kimoja



Desemba 1991 Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, na Kenya ikarudi katika mfumo wa vyama vingi. Agosti 2010 tukapata Katiba mpya. Machi 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi. Mtu angedhani kwamba ule utaratibu wa watu wachache kujifungia chumbani na kuamua mambo ya wengi ulizikwa zamani. Haukuzikwa. Ulihama tu kutoka katika masanduku ya kura ukaingia katika ofisi za ardhi. Huko unaishi hadi leo, na huko ndiko maji ya Machakos yanakoamuliwa.

Hoja yetu ni moja. Vilima, chemichemi na mito ya mchanga ya Ukambani haiharibiwi kwa sababu wananchi ni wajinga, wala kwa sababu wamekuwa wengi mno. Inaharibiwa kwa sababu matumizi ya ardhi yanabadilishwa bila mpango ulio wazi, na bila ridhaa ya wale watakaokosa maji. Anayetaka kuvilinda vyanzo hivyo na aanze na kalamu inayotia sahihi, kabla hajamfikia mkulima mwenye jembe.

MAFUNZO YA 1938

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliyatazama makorongo ya Machakos wakamtia hatiani Mkamba na ng'ombe wake. Ripoti ya 1937 ya Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, iliieleza nchi hii kama mahali palipokwisha kuharibika. Kwamba udongo ulikuwa ukienda na maji, hatubishi. Lakini Vilima vya Mua vilikuwa vimekwisha kutwaliwa na walowezi, na uwanda wa Yatta ulikuwa umefanywa ardhi ya Taji. Watu walibanwa katika eneo dogo, kisha wakashtakiwa kwa kosa la kubanana.

Mwaka 1938 serikali ikaanza kupunguza mifugo kwa nguvu, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilichofunguliwa Athi River kikawa tayari kuinunua kwa bei duni. Wakamba wapatao elfu mbili, wanaume kwa wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi huko, wakidai kusikizwa na Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo serikali ililazimika kuacha kuchukua mifugo kwa nguvu. Watu wasio na kura hata moja walikuwa wameirudisha nyuma amri ya dola.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mkoloni alirudi na amri nyingine: kuchimba matuta kwa lazima, chini ya macho ya machifu. Uhuru ulipokuja, kazi nyingi ya amri iliachwa. Lakini watu wale wale, juu ya vilima vile vile, waliirudia kazi hiyo kwa hiari yao. Vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa akina mama, vilichimba matuta ya fanya juu, yaani mfereji unaokingama mteremko huku udongo wake ukirushwa upande wa juu ili maji yatulie shambani. Jina hilo la Kiswahili leo limo katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi.

Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu juu ya iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati wa utafiti wao ilijumuisha Makueni. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua na miti mashambani ikaongezeka. Kwa nini hiari ilifaulu pale amri iliposhindwa? Mkulima alijua kwamba shamba ni lake. Alikuwa na soko la kahawa, matunda na mboga. Na kiongozi wa kikundi chake alichaguliwa na wanakikundi wenyewe. Ridhaa iliushika udongo ambao kiboko hakikuweza kuushika.

NAMNA MLIMA UNAVYOTUNZA MAJI

Wapo wakubwa wanaozungumza juu ya chanzo cha maji kana kwamba ni bomba lililo mahali pamoja, ambalo likizungushiwa ua basi limelindwa. Sivyo. Chanzo cha maji ni mteremko mzima. Mvua inyeshapo juu ya Iveti, Mua au Kangundo, udongo wenye majani na mizizi huinywa polepole, kisha huiachilia miezi baadaye katika chemichemi na visima. Kule chini, mito yetu mingi hukauka juu lakini haikauki ndani. Mchanga wake hushika maji kati ya chembe zake na kuyakinga na jua. Ndiyo maana mama wa Mwala au Masinga huchimba shimo katika mto mkavu akateka maji. Ndiyo maana pia vikundi vya wakulima wa Ukambani vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unakingama mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki ndani ya mchanga huo hadi kiangazi.

Sasa mteremko huo ukikatwa vipande vya hamsini kwa mia, ukapasuliwa barabara zisizo na mitaro, ukaezekwa mabati na kutandikwa saruji, mvua ile ile haina pa kuingia. Inashuka kwa kishindo na kuwa mafuriko ya siku mbili, halafu ukame wa miezi. Udongo inaoubeba unakwenda kulala katika mabwawa. Bwawa la Maruba, linalonywesha mji wa Machakos, limewahi kujaa tope hadi ikabidi litengenezwe upya kwa fedha za umma. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika Mto Tana, linaendelea kupoteza nafasi yake kwa tope. Tope hilo halitoki mbinguni. Linatoka katika miteremko iliyovuliwa nguo.

YANAYOTENDEKA SASA

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,098,584 katika Kaunti ya Machakos. Ile ya 2019 ilihesabu 1,421,932. Katika Mavoko idadi ilizidi maradufu kwa miaka hiyo kumi. Hatumlaumu aliyehamia. Naye anatafuta mahali pa kulaza watoto wake. Tunachouliza ni nani alipanga mahali pa kujengwa nyumba, mahali pa kupita maji, na mahali pasipofaa kuguswa kabisa.

Nyanda zilizokuwa malisho, kutoka Athi River hadi Lukenya na Konza, zinageuka mitaa, viwanda na machimbo ya mawe. Mashamba makubwa ambayo vyama vya ushirika vilinunua kutoka kwa walowezi baada ya Uhuru yamekatwakatwa yakauzwa. Huko Konza Serikali ilizindua mji wa teknolojia Januari 2013 juu ya ekari 5,000, na madalali wakavamia kila kijiji cha jirani. Mara nyingi mambo huenda hivi: mpima ardhi anafika, bikoni zinapigwa, bodi inaketi, tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi linachapishwa gazetini kwa herufi ndogo. Mwananchi anayeishi chini ya mlima hulipata tangazo lake siku tingatinga linapowasili.

Mchanga nao unasombwa usiku na mchana kujenga maghorofa ya Nairobi. Mto ukinyang'anywa mchanga hunyang'anywa ghala lake la maji: kingo huporomoka na visima vya jirani hukauka. Damu imemwagika kwa ajili ya biashara hiyo. Mwaka 2011 ofisa wa polisi aliyeipinga aliuawa huko Makueni. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na Machakos nayo ina sheria yake ya uvunaji mchanga. Sheria hizo ni njema zikisomwa. Lakini lori huonekana barabarani na wanakijiji kabla halijaonekana na ofisi yoyote, na wanakijiji hao hawana wa kumpigia ripoti atakayewajibu.

Matunda ya kutopanga tumeyaona. Oktoba 2023 nyumba za mamia ya watu zilibomolewa Mavoko, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi hiyo ni mali ya kampuni ya saruji. Watu waliuziwa vipande, wakajenga mchana peupe kwa miaka, na hakuna mwenye mamlaka aliyewazuia mapema. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliingia majumbani katika mabondeni ya Mavoko, na Serikali ikaamuru watu wahame kando ya mito. Amri ilikuja maji yakiwa magotini. Kibali cha kujenga mahali pale kilitolewa jua likiwaka.

NAIROBI YANYWA TANA, ATHI YAPOKEA UCHAFU

Lipo na jambo ambalo wanasiasa wetu hulikwepa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, katika bonde la Mto Tana. Likiisha kunywa, jiji halirudishi maji yake Tana. Majitaka yake, yaliyosafishwa na yasiyosafishwa, hushuka kwa Mto Nairobi hadi Athi, nao Athi unapita Fourteen Falls na chini ya Kilimambogo, ukaendelea Yatta na Makueni hadi ukaitwa Galana na Sabaki, ukamwaga baharini karibu na Malindi. Mkulima wa Machakos anamwagilia sukuma wiki kwa maji ambayo mwenye jiji hangeoshea gari lake. Hata Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 pale Athi na Thwake inapokutana, litapokea maji ya mto huo huo.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, ili wenzao wanywe matope. Hakuhitaji digrii ya uhandisi kulielewa jambo hili.

Na tusiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambao huwasaidia wakulima wa juu kuhifadhi udongo kwa faida ya jiji lililo chini. Mji wa New York nchini Marekani ulifanya mapatano mwaka 1997 na jamii za milimani kwenye vyanzo vyake. Jiji lilikubali kugharimia hifadhi ya ardhi kule juu, likaepuka kujenga mtambo wa kuchuja maji wa mabilioni ya dola. Ikiwa Nairobi imekubali kumsaidia mkulima wa Murang'a kwa sababu inayanywa maji yake, kwa haki gani inamtumia mkulima wa Machakos kinyesi bila fidia?

HOJA ZA WENYE KALAMU

Wenye kalamu watajibu kwa hoja tatu, na ni haki tuzipime.

Watasema kwanza kwamba tunapinga maendeleo na ajira. Hatupingi. Kiwanda hakiendeshwi bila maji, wala nyumba haikodishwi bila maji. Mwekezaji wa kweli huuliza ramani ya mafuriko kabla ya kununua. Anayeiogopa ramani ni yule anayekusudia kuuza na kuondoka.

Watasema pili kwamba mwenye hatimiliki yuko huru kutumia ardhi yake apendavyo. Wanataja Kifungu cha 40 cha Katiba na kusahau Kifungu cha 66, kinachoipa dola uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi yoyote kwa maslahi ya umma na kwa ajili ya mipango. Hatimiliki inampa mtu shamba. Haimpi ruhusa ya kummiminia jirani mafuriko yake wala kuikausha chemichemi ya kijiji. Na Kifungu cha 62 kinaitaja mito na maeneo ya vyanzo vya maji kuwa ardhi ya umma.

Watasema tatu kwamba kijana wa mtoni anapata riziki katika mchanga. Ni kweli, na kijana huyo si adui yetu. Lakini anapakia lori kwa ujira wa siku moja, faida inavuka kwenda mjini, naye anabaki na dada yake anayetembea kilomita zaidi kutafuta maji. Tunataka mchanga uvunwe pale wanakijiji na wataalamu watakapokubali, kwa kiasi ambacho mvua inaweza kurudisha, na ushuru wake ujenge mabwawa ya mchanga katika mto ule ule.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Kama wakili, nawaambia bila kusita kwamba tatizo letu si uhaba wa sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali kuhimiza umma kushiriki katika kuyalinda. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya eneo lake lote, wenye ramani. Sheria ya Maji ya 2016 inaipa Mamlaka ya Rasilimali za Maji uwezo wa kutangaza eneo la vyanzo kuwa eneo la hifadhi, na inatambua vyama vya watumiaji maji vya vijijini. Sheria ya 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inamkataza mtu kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti.

Wala msidhani mahakama ni ya matajiri pekee. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi wa mtaa maskini wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi waliyoletewa na kiwanda cha betri. Kesi ikapanda rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na wakazi.

Lakini sheria hulala pasipo watu wa kuiamsha. Msitu wa Karura ulikuwa umegawanywa kwa karatasi kabla mti wa kwanza haujakatwa. Kilichouokoa, kuanzia 1998, ni Wangari Maathai na wenzake walioingia msituni na miche, wakapigwa hadi kutoka damu Januari 1999, na bado wakarudi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilitueleza baadaye jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kwa miaka mingi: kwa barua, kwa sahihi, na kwa siri.

TUNAYOYADAI

Kwa hiyo tunaidai Serikali ya Kaunti ya Machakos na Serikali ya Taifa mambo manne.

1. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kaunti, pamoja na ramani zake, ubandikwe katika kila ofisi ya wadi na kusomwa katika baraza kwa Kikamba na Kiswahili. Uonyeshe kila kilima, kila chemichemi na kila mto wa mchanga kwa jina lake.

2. Pasitolewe kibali chochote cha kugawanya au kubadilisha matumizi ya ardhi katika mteremko au kando ya mto kabla wakazi wa chini ya mteremko huo hawajasikizwa katika mkutano ulio wazi. Majina ya waombaji na ya waliotia sahihi yatangazwe.

3. Vyama vya watumiaji maji vipewe fedha na nguvu ya kusimamia mchanga na kingo, na viongozi wake wachaguliwe kwa kura na wanachama wote, wake kwa waume.

4. Nairobi na kaunti zilizo chini ya Athi ziketi meza moja, na jiji ligharimie usafi wa mto linaouchafua.

Nasi tusingoje majibu tukiwa tumekunja mikono. Kila parokia na kila kanisa la mahali lichague watu watano. Waende ofisini waulize ramani. Wakinyimwa, waandike barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Waweke nakala na tarehe. Wahesabu malori. Wapige picha bikoni mpya zinazopandwa milimani. Ushahidi uliokusanywa mapema ndio huwaokoa watu mahakamani, na sisi mawakili wa kampeni hii tuko tayari kuubeba bila malipo.

Askofu Mkuu Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa Mwala, akawa askofu wa kwanza wa Machakos mwaka 1969. Katika miaka ya 1990, akiwa Askofu wa Nakuru, alisimama na waliofukuzwa mashambani mwao wakati wengi walinyamaza. Hakuona kwamba ardhi ni jambo la siasa lisilomhusu mchungaji. Atakayesema leo kwamba maji hayahusu madhabahu na akumbuke maji anayobatizia.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia kwamba Wafilisti walivifukia kwa udongo visima alivyochimba Ibrahimu. Isaka hakungoja Wafilisti waone haya. Alivifukua tena kimoja kimoja, akavipa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Baraza la wadi likiitishwa juu ya bajeti na mipango, msimwachie nafasi dalali. Nendeni na majina ya chemichemi zenu mkiyajua, mdai yaandikwe katika ramani.